Dohani Isiyo na Masizi

Wolfgang Mbunda alizungusha ufunguo mara mbili, akausukuma mlango kwa bega, kisha akasimama pembeni kama mwenye harusi anayepokea wageni.

"Karibuni ndani. Nyumba yenyewe ndiyo hii. Kijiji kizima cha Mapera hamtapata nyingine yenye vigae."

Sajenti Placidi Hyera hakuingia. Alisimama kizingitini, akanusa.

Alikuwa likizoni, na mtu wa likizo hana haki ya kunusa nyumba za wenzake. Lakini miaka kumi na sita ya upelelezi, ya Songea na ya Iringa, ilikuwa imemharibia adabu. Nyuma yake alisimama Emerensiana, mdogo wake wa tumbo moja, amejifunga shuka mbili kwa ukungu wa Juni. Emerensiana alikuwa mjane mwenye watoto wanne na mibuni mia sita, akiishi bado uani kwa wakwe zake, katika chumba cha nyasi ambacho baridi iliingia bila kubisha hodi. Mtoto wake wa mwisho, Bonifasia, alikohoa tangu Mei hadi Septemba kila mwaka. Nyumba hii, iliyojengwa na Mjerumani na sasa mali ya Wolfgang, ilikuwa na moto ndani ya ukuta, na kwa ajili ya moto huo Emerensiana alikuwa tayari kuinunua. Jumamosi angetia sahihi mbele ya karani wa baraza.

Shida ilikuwa moja tu. Agosti iliyopita mpangaji aliyeitwa Ignatio, bwana shamba kijana kutoka kule ufukweni mwa ziwa, alilala humo mzima na asubuhi akakutwa amekufa. Alikuwa chumbani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na chumbani hamkuwa na moto wala jeraha wala chupa. Dresa, mhudumu wa zahanati, aliandika homa. Kijiji kiliandika jina jingine: Getrude, mama mzee aliyekuwa akipika na kufagia pale. Wiki ileile wanawake walimtolea vitu vyake nje, wakamfukuza kwa kelele za uchawi hadi akakimbilia Kingerikiti kwa binti wa kaka yake.

"Mimi sikuulizi bei, kaka," Emerensiana alikuwa amemwambia jana yake. "Bei naijua. Niambie tu, nikiwalaza watoto wangu mle, wataamka?"

Ndiyo maana Placidi alikuwa ananusa.

"Unatafuta nini, Afande?" Wolfgang aliuliza huku akicheka. Alikuwa karani wa mizani ya kahawa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, aliyezoea kuwacheka wakulima waliokuja kwake na kahawa yao wakiwa peku. "Nyumba ni kavu. Haina hata harufu."

"Ndicho kinachonishangaza. Meko haya yamewashwa mara ya mwisho lini?"

"Hayo? Hayajawashwa tangu Mjerumani aondolewe na vita. Miaka kumi na tano."

"Na Ignatio hakuwahi kuwasha?"

Wolfgang alisita kidogo tu, kiasi cha mtu anayemeza mate. "Kwa kweli sijui. Mimi sikuwa nikilala hapa."

Placidi alipiga magoti mbele ya meko. Yalikuwa kazi nzuri ya matofali ya kuchoma, yamejengwa ukutani sebuleni, na juu yake dohani ilipanda hadi nje ya paa. Aliingiza mkono ndani, juu kabisa ya koo la dohani, akapapasa. Akautoa, akautazama kiganja. Kisha akamwonyesha dada yake.

"Unaona nini?"

"Vumbi."

"Mjerumani alikaa hapa miaka mitano, na milima hii unaijua. Kila jioni aliwasha kuni. Masizi yake yako wapi?"

Emerensiana alimtazama Wolfgang. Wolfgang aliitazama kalamu yake.

"Niliisafisha," alisema. "Mtu anayeuza kitu hukisafisha. Hilo nalo ni kosa siku hizi?"

"Lini?"

"Sikumbuki. Mwaka jana."

"Mwaka jana hukuwa unauza. Ulikuwa na mpangaji."

"Basi mwaka huu. Afande, mbona unanihoji kama mwizi wa ng'ombe? Wanunuzi ninao. Kuna mtu wa Mbinga mjini anaisubiri nyumba hii kwa hamu. Nimempa mama huyu nafasi ya kwanza kwa sababu ni mwenzetu."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Placidi aliwaza, lakini kwa sauti alisema tu, "Naomba ngazi. Na kamba ndefu."

Wolfgang alikwenda kuitafuta ngazi kwa jirani, na alikwenda bila haraka. Alipotoweka njiani, Placidi alimgeukia dada yake.

"Aliyemvalisha Ignatio sanda ni nani?"

"Katekista Florian."

"Alisema chochote?"

Emerensiana aliteremsha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Alisema midomo yake na kucha zake vilikuwa vyekundu. Vyekundu kama buni iliyoiva. Maiti, kaka, ana midomo ya mtu aliyetoka kucheka. Hapo ndipo watu waliposema huyu amelogwa."

Placidi aliijua rangi hiyo. Miaka sita nyuma, Iringa, alikuta mlinzi amekufa ndani ya kibanda chake, amejifungia na karai la makaa kwa sababu ya baridi. Midomo ya mlinzi yule ilikuwa na rangi hiyohiyo, na daktari alimweleza kwamba makaa yakikosa hewa hutoa sumu isiyo na moshi wala harufu, mtu akalala usingizi asiamke. Lakini mlinzi yule alikuwa amelala pamoja na makaa yake. Ignatio alilala chumba cha pili, na ukuta mzima wa matofali ulikuwa kati yake na meko.

"Wolfgang na Ignatio walikuwa wakielewana?"

"Waligombana mbele za watu. Ignatio alirudisha kahawa ambayo Wolfgang alikuwa ameshaipitisha, akasema ina mawe. Siku nne baadaye akafa."

Hapo tayari palikuwa na harufu, na haikuwa ya nyumba. Mtu mwenye ugomvi, mwenye ufunguo, mwenye dohani aliyoisafisha kwa siri. Placidi aliwahi kumpeleka mtu mahakamani kwa machache kuliko hayo.

Ngazi ilipofika alipanda mwenyewe. Vigae viliteleza kwa umande, na mara moja mguu ulimtoka, akasikia dada yake chini akimwita Bikira Maria. Alikamata ukingo wa dohani kwa mikono miwili, akachungulia.

Alichoona kwanza kilimthibitishia mabaya yote. Kwenye ukingo wa tofali palikuwa na nyuzi za gunia, zimeng'ang'ania chokaa, zimeungua ncha. Mtu alikuwa ameiziba dohani hii kwa gunia. Alizikusanya nyuzi akazitia ndani ya bahasha kuukuu aliyokuwa nayo mfukoni. Kisha aliona kwamba chini kidogo ya mdomo, pande mbili zinazotazamana, tofali lilikuwa limechongwa vishimo viwili, kila kimoja cha kutosha kushika ncha ya mti. Mti wa kupitisha katikati ya dohani. Kwa nini muuaji ahangaike kuweka mti, wakati gunia lililojazwa majani lingetosha?

Aliingiza vidole ndani ya kishimo kimoja. Vilitoka na vitu vitatu vidogo, vigumu, vyeusi kwa moshi upande mmoja. Alivisugua kwa kidole gumba. Vilikuwa punje za mahindi, na chini ya masizi rangi yake ilikuwa ya manjano.

Alizitia mfukoni, akafunga jiwe kwenye kamba, akaliteremsha ndani ya dohani.

"Ema! Unaliona?"

"Nimeliona!" sauti ya dada yake ilipanda kutoka sebuleni. "Limetua katikati ya meko!"

Dohani ilikuwa wazi basi, kutoka juu hadi chini. Fundi mwingine angeteremka hapo, anywe chai, aseme nyumba ni salama. Placidi alilivuta jiwe juu tena. Lilipokaribia mdomo liliyumba, likagonga upande wa kushoto, na badala ya kugonga tofali likapotelea gizani. Akaachia kamba. Ilikwenda, ikaenda.

"Na sasa?"

"Silioni, kaka!"

"Tazama vizuri!"

"Halipo! Ngoja!" Kisha ikaja sauti yake, nyembamba, kutoka upande mwingine kabisa wa nyumba. "Kaka, kuna kitu kinagonga. Kinagonga huku chumbani, nyuma ya kabati!"

Placidi alishuka ngazi haraka kuliko alivyopanda. Chumbani palikuwa na kabati la mninga la Mjerumani, zito kama ng'ombe aliyelala. Alimwambia Wolfgang ashike upande mmoja. Wolfgang alisema kabati hilo halijawahi kusogezwa, na kwa mara ya kwanza siku ile Placidi alimwamini. Walilisukuma wote watatu.

Nyuma yake ukuta haukuwa wa matofali. Ulikuwa wa mbao zilizopakwa chokaa, na nyuma ya mbao palikuwa na meko ya pili. Mjerumani alikuwa ameyafunga, labda kwa kuona moto mmoja unatosha, na mbao zake kwa miaka ile yote zilikuwa zimekauka na kuachana, kidole kilipita kati yake. Meko mawili, njia mbili, mdomo mmoja juu.

"Naomba gunia lililoloweshwa na karai la makaa," Placidi alisema. "Na majani mabichi."

Alipanda tena, akaufunika mdomo wa dohani kwa gunia. Emerensiana aliwasha makaa sebuleni, akatupia majani juu ili moshi uonekane. Kisha walisimama wote chumbani, mlango umefungwa, wakitazama mbao. Haikuchukua muda. Moshi ulianza kutoka katika nyufa, mmoja mmoja, polepole, bila sauti, ukatambaa juu ya kitanda.

Emerensiana aliufungua mlango kwa nguvu akatoka nje. Kitanda kile ndicho alichokuwa amekipangia Bonifasia.

Placidi aliliondoa lile gunia, akamwagia makaa maji, akamwita Wolfgang barazani. Wolfgang alikuwa ametoa leso, anafuta shingo kwenye baridi ile.

"Sikumuua," alisema kabla hajaulizwa.

"Nimesema umemuua?"

"Unafikiri hivyo. Kwa sababu ya ile kahawa. Mungu ananiona, Afande, ugomvi ule uliisha siku ileile, tulikunywa pombe pamoja."

Placidi alifungua kiganja. Zile punje tatu zilikuwa juu yake.

"Dada, mahindi ya rangi hii yanalimwa na nani hapa?"

Emerensiana alisogea akatazama. "Ya manjano? Hapa sisi wote tunalima meupe. Hiyo ni mbegu ya Wolfgang. Aliipata Songea mwaka juzi, akakataa kumpa mtu hata punje moja."

Wolfgang aliketi kwenye ngazi ya baraza. Suruali yake iliyopigwa pasi ilikaa kwenye tope, naye hakujali.

"Uliitundika lini?" Placidi aliuliza.

"Julai. Baada ya kuvuna."

"Kwenye mti uliopita katikati ya dohani. Umeyafunga maganda kwa maganda, mawili mawili."

"Kama anavyofunga kila mtu."

"Na gunia juu, mvua isinyeshee."

"Dumuzi walinimalizia mbegu mwaka wa kwanza." Sauti yake ilikuwa imepoteza ukarani wote. "Mama yangu alitunza mbegu juu ya moto. Bibi yangu vilevile. Mbegu isiyopata moshi si mbegu. Nimelala chini ya mahindi hayo utoto wangu wote na sijawahi kuona mtu amekufa."

"Nyumba ya mama yako ilikuwa na paa la nyasi. Moshi ulipita kwenye mahindi, ukapita kwenye nyasi, ukaenda zake. Hapa umeuwekea mahindi na gunia, na pembeni kuna vigae. Ungepita wapi?"

Wolfgang aliinua macho akaitazama dohani juu ya paa.

"Kilichomuua ulikijua lini?"

"Sikujua siku ile. Nilijua siku ya tatu. Nilipanda kuitazama mbegu yangu nikaikuta imeungua, gunia limeungua, masizi yamejaa hadi mdomoni. Nikakumbuka Ignatio aliniambia anamwagiza Getrude amwashie makaa, baridi ya kwetu inamshinda. Hapo nikaelewa moshi wa makaa haukuwa na pa kutokea. Ulifikaje chumbani sikujua, naapa. Nimejua leo."

"Ukaondoa kila kitu, ukafagia dohani."

"Ndiyo."

"Na Getrude?"

"Walikuwa wameshamfukuza asubuhi ile."

"Kingerikiti si mbinguni, Wolfgang. Ungemfuata."

"Niseme nini?" Wolfgang aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi karani, mimi ninayewaambia watu kila siku waache ushamba, nisimame mbele yao niseme nilitundika mahindi kwenye dohani ya Mzungu, nikaua mtu wa serikali? Nilisema nitasema kesho. Kesho ikawa wiki. Nipeleke mahabusu, Afande. Afadhali mahabusu."

Placidi alikuwa amewahi kuwachukia watu aliowakamata, na aliwahi kuwahurumia. Huyu alimfanyia yote mawili kwa pamoja, na hilo lilimkasirisha.

"Taarifa nitaiandika na bwana mkubwa wa Songea ataamua. Lakini jinsi ulivyomnyamazia yule mama, kwa hilo hakuna chumba kule mahabusu."

Alimgeukia dada yake ampe jibu lake: watu wangejenga tofali pale palipo na mbao, wangeacha mdomo wazi juu, na nyumba ingekuwa salama kuliko nyumba yoyote ya padri. Lakini Emerensiana hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amesimama ameishika nguzo ya baraza.

"Mkeka wake niliutoa mimi," alisema.

"Nini?"

"Siku ile. Wengine walipiga kelele. Mimi niliingia jikoni kwake nikautoa mkeka, nikautupa njiani. Akaniambia, Ema mwanangu, nimekufanyia nini? Nikatema mate chini." Alijifuta uso kwa shuka. "Jumamosi siendi kwa karani. Kesho tunakwenda Kingerikiti, na huyu anakwenda na sisi. Nikirudi nimesamehewa, nitanunua. Nikirudi sijasamehewa, nitakaa na nyasi zangu."

Waliondoka alfajiri kwa miguu, kwa kuwa lori la kahawa halikuwa linakwenda upande ule. Wolfgang alitangulia, mwenyewe alitaka kutangulia. Walipita mashamba ya ngolo, yale ya vishimo vilivyochimbwa mlimani, vimejaa maji ya ukungu, wakavuka vijito viwili, na mahali fulani juu ya mteremko waliliona ziwa mbali chini, jeupe, kwao Ignatio. Walifika jua limepinda.

Getrude alikuwa nyuma ya nyumba ya binti wa kaka yake, anapukuchua mahindi peke yake. Alipowaona hakusimama wala hakukimbia. Aliweka ungo chini na kusubiri, kama anayejua watu hawa wamekuja kumalizia kazi.

"Shikamoo, mama," Placidi alisema.

Getrude alimtazama usoni. "Marahaba. Miezi kumi sijaamkiwa."

Wolfgang alipiga magoti kwenye maganda ya mahindi, akasema yote. Alisema mti, mbegu, gunia, masizi aliyoyafagia, ukimya wake. Alipokwama Placidi alimsaidia. Alieleza zile mbao na meko ya pili, na kwamba makaa Getrude aliyawasha kwa kuagizwa, kwa uangalifu, mahali pake panapostahili.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba arudiwe, na Wolfgang akarudia.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema.

"Hukuwa wewe, mama."

"Una hakika? Wewe ni mtu wa serikali. Usinidanganye kwa huruma."

"Nina hakika. Nimeuona moshi kwa macho yangu."

Getrude alitazama mlango wa nyumba, ambako watoto wawili wadogo walikuwa wamekaa wakiwaangalia wageni. Kisha alivuta upindo wa kanga yake hadi juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Ngozi pale ilikuwa imechubuka pande zote, makovu ya zamani na kidonda kibichi juu yake, mviringo kamili.

"Nilikuwa nimeshakubali," alisema. "Watu wote wale hawawezi kukosea. Nikasema labda natoka usiku kuloga bila kujijua. Basi kila nikilala najifunga mguu kwa kamba kwenye nguzo. Fundo nalifunga kwa meno, nisiweze kulifungua upesi. Wajukuu wamo humu ndani, nilisema nitawamaliza."

Emerensiana alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njia nzima. Hakulikumbuka hata moja. Aliketi chini kwenye maganda, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mbele ya watoto wa watu. Na Getrude, ambaye hakuwa ameguswa na mtu kwa miezi kumi, alimwacha aushike.